Maswali ya Wasomaji: Mbona Nyoka wa Kwenye Muvi Anapiga Yowe?

Toleo lililopita kwenye kona hii nilijibu swali la muvi za papa, na mwishoni nikachomekea kamstari kamoja tu kwamba ukimtoa papa, anayesingiziwa kuliko wote kwenye sinema ni nyoka na ukoo wake mzima wa magamba. Basi ikawa nimechokoza mzinga. Meseji zimeingia mpaka simu ya kona hii imekuwa pasi. Nimechagua hizi, zingine zinajirudia, na yule wa Tabora aliyesema nimelogwa, salamu zako zimefika.

Anko, nimalizie ubishi. Juzi tumerudia ile Anaconda ya zamani ya Jennifer Lopez. Mimi nikasema nyoka hapigi yowe vile, shemeji yangu anasema nyoka mdogo ndo hana sauti ila akishakuwa mkubwa anapiga. Tumewekeana kreti ya soda. Nani anainunua?
*Fundi friji, Morogoro*

Shemeji ndo anainunua fundi, na mwambie soda ziwe za baridi.

Nyoka awe wa kidole au wa kuzunguka mbuyu, kooni kwake hakuna zile nyuzi za sauti ulizonazo wewe na mimi na mbuzi. Anachoweza ni kusukuma pumzi kwa nguvu, ndo ule mfoko wa fsss, na anayeujua vizuri ni yeyote aliyewahi kumkaribia kifutu shambani, yule anajijaza upepo kama tairi halafu anaufungulia. Huko Asia kuna swila mkubwa ambaye mfoko wake ni mzito mpaka unasikika kama mbwa anakoroma, lakini hata huo ni upepo tu. Yowe la kwenye Anaconda ya 1997, lile la kama mwanamke kaibiwa pochi stendi, limetengenezwa studio.

Na ukishaanza kuikagua hiyo picha hutamaliza leo. Nyoka wao ni wa mita kama 12, wakati anakonda wa kweli wanaopimwa kwa futi na mashahidi ni shida kumpata anayezidi mita 6. Yeye sifa yake ni uzito, kwa urefu anapigwa na chatu wa Asia. Halafu ule mchezo wa kumtapika mtu ili amle mwingine eti kwa raha zake, hapana jamani! Nyoka kweli anatapika alichomeza, lakini anatapika kwa woga, ameshtuliwa na tumbo limejaa hawezi kukimbia, kwahiyo anatupa mzigo ajiokoe. Yaani muvi imechukua mnyama anayekimbia ikamgeuza anayefukuza.

Hapo ndo pana siri ya muvi zote hizi fundi, na nitairudia huko chini kwa sababu maswali yenu mengi yanaishia palepale. Reptilia wa kweli hafai kuwa adui wa picha. Chatu akishakula swala analala, na halali usiku mmoja, anaweza kukaa wiki kadhaa hana habari na mtu. Nani atalipa kiingilio kuangalia hiyo? Kwahiyo wenye sinema wanachukua roho ya simba, hasira ya mbogo na kisirani cha binadamu, wanavivalisha ngozi ya nyoka.

Kijana wangu, sisi wa zamani hapa Unguja tumezicheki sana picha za Kihindi za Nagin. Wazee wakatwambia ukimuua nyoka umponde na macho, maana sura yako inabaki mle na mwenziwe atakuja kukutafuta. Hili lina ukweli? Na ile zumari, nyoka huisikia?
*Mzee wa Malindi, Unguja*

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa, mi picha za Kihindi ndo zimenilea.

Nagin ziko mbili, vijana wanazichanganya. Kuna ya 1954 yenye Vyjayanthimala, halafu kuna ya 1976 yenye Reena Roy, na hiyo ya pili ndo ya macho. Nyoka wawili wanaojigeuza watu, dume anauawa na kundi la marafiki waliokwenda kuwinda, jike linaziona sura zao kwenye jicho la marehemu na linaanza kuwafuata mmoja mmoja. Ukiangalia waigizaji waliojazwa mule, Sunil Dutt, Feroz Khan, Jeetendra, Rekha, utadhani harusi ya mjini.

Imani yenyewe ni ya India na ni ya kale kuliko sinema, nyoka kule ana heshima yake na siku yake ya kuabudiwa. Kwa macho jibu ni hapana mzee, jicho la nyoka halihifadhi picha, na wala nyoka hawana ndoa, wakishamaliza shughuli kila mmoja anashika njia yake. Ila wazee hawakuropoka kabisa. Nyoka jike msimu wa kupandana anaacha harufu, na madume yanaifuata harufu hiyo chini kwa chini, sasa wewe umemuua jike nyuma ya choo, keshokutwa unamkuta dume palepale, hutasema ni mume kaja kulipiza?

Zumari sasa. Nyoka hana tundu la sikio nje, mtikisiko wa ardhi anaupata vizuri kwa taya na sauti nzito za hewani anazipata kiasi, lakini yule wa kwenye kikapu anachofuata ni mkono na zumari linavyoyumba. Ukilipiga bila kulitikisa anakuangalia tu. Na nikupe kubwa zaidi mzee: ule muziki wa 1954, ule wa Man Dole Mera alioimba Lata Mangeshkar, lile zumari si zumari! Ni kinanda cha umeme, Clavioline, alikipiga Kalyanji, na Ravi akawa kwenye hamoniamu, mtunzi Hemant Kumar. Dunia nzima mpaka leo mtu akitaka kuigiza mcheza nyoka anaimba mlio wa kinanda.

Na ukiniuliza nyoka bora wa sinema zote, wa Marekani na Japani na popote, nakwambia Sridevi kwenye Nagina ya 1986, ile ngoma ya mwisho mbele ya Amrish Puri na wale wapiga zumari wake. Hana gamba hata moja mwilini, kavaa lenzi za macho basi, na bado ukiangalia shingo yake unasogeza kiti nyuma.

ZA CHAPUCHAPU

*Wale nyoka wa kwenye Indiana Jones ya kwanza, kwenye shimo, walikuwa wazima?* (Konda, Ubungo)

Wazima, na ni maelfu. Ila sio wote nyoka, humo wamechanganywa mijusi wasio na miguu, ukitulia unaona wengine wanapepesa macho, na nyoka hana kope za kupepesa. Yule swila anayesimama uso kwa uso na Harrison Ford kulikuwa na kioo katikati, kwenye kopi za zamani za hiyo picha ya 1981 kivuli chake kwenye kioo kinaonekana kabisa. Ile sauti ya nyoka wanavyoteleza ni fundi sauti Ben Burtt kaingiza vidole kwenye bakuli la chakula cha jibini. Konda, usijaribu na ugali.

*Kuna muvi ya zamani sana niliona dinosau ila nikawa nahisi ni kenge tu.* (Hakutaja alipo)

Umeona sawasawa. Ilikuwa fasheni, unachukua mjusi mzima mzima unambandika mapezi kwa gundi unamrekodi kwa karibu, unaita dinosau. Journey to the Center of the Earth ya 1959 ilitumia iguana wakubwa waliobandikwa mapezi mgongoni. Ya 1940, One Million B.C., yenyewe mijusi yake ilirekodiwa mara moja halafu vipande vikauzwa kwa muvi zingine kibao, kwahiyo mjusi mmoja amecheza picha nyingi kuliko masteringi wengi. Sizipendi, wale wanyama waliteswa.

*Kwa nini Wazungu wanaita mamba nyoka?* (Mpishi wa shule, Njombe)

Walilichukua neno kwa Wazulu kule kusini, kwao ni nyoka. Kwa hiyo ukiona kava la muvi limeandikwa Black Mamba usitegemee mto, huyo ni koboko.

Niaje mhariri. Maze huyu Godzilla ni mnyama gani haswa, ni dinosau, ni mamba ama ni mjusi? Na mbona kila muvi anarefuka? Ile ya kitambo nayo anakaa kama msee amevaa gunia.
*Mwanafunzi, Eldoret*

Poa sana mdogo wangu. Anakaa kama msee kavaa gunia kwa sababu ni msee kavaa gunia, na huyo msee nataka umjue.

Anaitwa Haruo Nakajima. 1954 kampuni ya Toho ya Japani ilikuwa na mradi wa kutengeneza picha na Indonesia, ukavunjika, prodyuza Tomoyuki Tanaka anarudi nyumbani kwa ndege mikono mitupu, kaangalia bahari chini akawaza, kukiibuka kitu humu je? Bosi wa efekti, Eiji Tsuburaya, alikuwa anaipenda King Kong ya 1933 na alitaka afanye kama wao, yaani unamsogeza mdoli kidogo unapiga picha, unasogeza unapiga, picha 24 ndo zinazaa sekunde moja. Wakakadiria wakakuta kwa njia hiyo watamaliza baada ya miaka saba! Muda hakuna. Basi wakashona vazi la mpira, wakajenga Tokyo ndogo, kila nyumba sehemu moja ya 25 ya ukubwa wake, na Nakajima akaingizwa ndani.

Lile vazi la kwanza lilikuwa na uzito kama kilo 100, gumu, halipitishi hewa, juu yako taa za studio zinawaka. Kwenye majaribio alitembea hatua chache akaenda chini. Alikuwa anaweza kukaa ndani dakika chache tu, akivuliwa wanamwaga jasho lake kwenye kikombe. Na jamaa hakukata tamaa, akaenda zoo kumsoma tembo na dubu wanavyotembea, anaangalia jinsi wanavyoweka unyayo. Umeona hapo? Godzilla miguu yake ni ya tembo, si ya mjusi. Kamera zikazungushwa kwa kasi ili picha ikichezwa aonekane mzito na wa taratibu. Akalivaa hilo gunia muvi 12 mpaka 1972, na akafariki 2017 kila shabiki wa majoka anamjua kwa jina.

Sauti nayo sikiliza. Walijaribu za wanyama zikakataa. Mtunzi wa muziki Akira Ifukube akachukua besi, lile fidla kubwa la kusimama chini ambalo vikundi vya taarabu Unguja wanalo, akalegeza nyuzi, kukavaliwa glavu ya ngozi yenye utomvu wa msonobari, zikasuguliwa. Kanda ikapunguzwa mwendo. Ndo ule mngurumo. Jina lenyewe la Kijapani, Gojira, ni sokwe na nyangumi wamegandishwa pamoja, gorira na kujira. Kwahiyo swali lako la ni mnyama gani, kwenye hadithi yeye ni reptilia wa kale aliyeamshwa na mabomu ya nyuklia, lakini jina ni la mamalia wawili, mwendo wa mamalia, sauti ya fidla.

Hayo mabomu sasa usiyapite haraka, maana Wajapani hawakuwa wanataniana. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini. Boti moja ya wavuvi wa jodari ilikuwa mbali tu na hapo, watu 23, wakaona mwanga halafu majivu meupe yakawanyeshea, wote wakaugua, na yule fundi wao wa redio akafa Septemba mwaka huohuo. Ile boti ilikuwa inaitwa Joka la Bahati namba 5. Picha ikatoka tarehe 3 Novemba, miezi minane tu baadaye, na inaanza na nini? Boti, wavuvi, mwanga baharini. Mtu aliyekaa kwenye kiti pale Tokyo hahitaji kuelezwa. Hata ile ngozi ya Godzilla yenye mabonge mabonge walisema imefuata makovu ya waliopona Hiroshima. Ndo maana ya 1954 haichekeshi hata kidogo, kuna mama kwenye ile picha kakumbatia watoto wake barabarani anawaambia wanakwenda kumfuata baba yao. Mimi niliiweka nikidhani nitacheka magunia, nikaishia kuzima simu.

Wamarekani walipoipeleka kwao 1956 wakakata vipande, wakamchomeka mwandishi wa habari Mmarekani, Raymond Burr, na uchungu mwingi wa nyuklia ukaachwa nje.

Urefu: wa kwanza mita 50, alitosha kuchungulia juu ya majengo ya Tokyo ya wakati ule. Tokyo ikajenga maghorofa, wakaona 1984 akiwa mita 50 atapotea kama mtoto kwenye mahindi, wakampa 80. Shin Godzilla ya 2016 ana mita 118 na nusu. Anapandishwa na bei ya viwanja tu, mdogo wangu. Na kabla hujasema magunia yamepitwa na wakati, Minus One ya 2023 ya Takashi Yamazaki hiyo ni kompyuta, ila efekti zote zilifanywa na watu kama 35 kwa hela ambayo Hollywood wanalipia chakula, na wakabeba Oscar ya efekti 2024, ya kwanza kwa Godzilla tangu azaliwe.

Mhariri habari za kazi. Wanafunzi wangu wameona Jurassic Park kwenye simu, wakaniuliza dinosau walikuwa wapi, nikawaambia hapa hapa Lindi. Walimu wenzangu wananicheka mpaka leo wananiita Mwalimu Dinosau. Nimekosea?
*Mwalimu, Lindi vijijini*

Nzuri mwalimu, na hilo jina lipokee.

Kumbuka ile Jurassic Park ya 1993 inavyoanza. Mnasubiri, mnasubiri, halafu gari linasimama, yule daktari anavua miwani mdomo wazi, na dinosau wa kwanza kuonekana mzima mzima mchana kweupe ni yule mwenye shingo ndefu kama twiga anasimama kwa miguu ya nyuma anavuta majani. Huyo ni brakiosau. Na picha ya mwili wake iliyo kichwani mwa kila mchoraji duniani kwa miaka mingi, imetoka Tendaguru. Kilima chako.

Brakiosau wa kwanza kabisa kupewa jina alitoka Colorado, Marekani, 1903, ila alikuwa vipande vipande, kichwa na shingo hakuna. Mifupa ya kutosha kumsimamisha ilitoka kwetu. Mhandisi wa madini Mjerumani aliona mifupa Tendaguru 1906, na kuanzia 1909 mpaka 1913 msafara wa Berlin ukachimba hapo. Kumbuka Maji Maji imetoka kwisha, nchi imechomwa, watu wana njaa, na hao hao ndo wanachimba, mia kadhaa kwa wakati mmoja. Barabara hakuna. Mifupa ikafungwa kwenye mizigo, ikabebwa kichwani na mabegani siku nne kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, ikapanda meli. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kumtoa mfupa kwenye udongo kuliko hao maprofesa, na 2007 kuna dinosau mwingine wa Tendaguru akaitwa kwa jina lake, Australodocus bohetii. Waandikie watoto hilo ubaoni.

Yule mkubwa yuko Berlin, kasimamishwa makumbusho tangu 1937, kimo mita 13.27, na hakuna mifupa iliyosimamishwa iliyomzidi kwa kimo. Siku hizi wataalamu wamemtenganisha na wa Colorado wanamwita Giraffatitan, kwahiyo mwenzako akikuzingua kwamba wa kwenye muvi ni wa Marekani kwa jina ana nusu haki, wewe una nusu, ila mwili ule ni wa Lindi na mwenye mwili ndo mwenye shughuli. Kama mifupa irudi au isirudi, huo mjadala upo na ni mrefu kuliko kona hii, mimi niko upande wa irudi, na kama hairudi basi watoto wa Lindi walipiwe nauli wakamwone babu yao.

Turudi kwenye picha. Dinosau wote kwenye Jurassic Park wanaonekana kama robo saa tu, na za kompyuta katika hizo ni dakika kama sita! Zingine ni midoli mikubwa ya mota ya fundi Stan Winston. Yule Tirex, dinosau mkubwa mla nyama, alikuwa na urefu wa kama mita 12, na ngozi yake ya sponji ilikuwa inanywa maji, maana tukio lenyewe ni la mvua, akishalowa anaanza kutetemeka mwenyewe, wafanyakazi wanakuja na mataulo wanamkausha kama mtoto katoka kuoga. Ile glasi ya maji inayotikisika watu waliitafuta njia mpaka wakachoka, mwishowe ni waya wa gitaa umefungwa chini yake mtu anaugusa.

Na sauti? Fundi Gary Rydstrom hakutumia mijusi, mijusi haina cha kumpa. Mngurumo wa Tirex umejengwa juu ya mtoto wa tembo, akachanganya na chui milia na aligeta, yule binamu wa mamba wa huko Marekani. Wale wadogo wakatili, raptari, wanavyoitana ni kobe wawili wanapandana, samahani mwalimu hiyo usiwaandikie ubaoni. Na yule wa kwenu, ule wimbo wake mtamu wa kwenye miti? Punda. Punda anayelia, kapunguzwa kasi. Lindi nzima mmeshausikia bila kiingilio.

Raptari mwenyewe ni uongo mtupu, wa kweli alitoka Mongolia, kimo kama bata mzinga, na 2007 wakakuta kwenye mfupa wa mkono vinundu vya kushikia manyoya. Kuku mwenye kisu. Lakini weka kuku kwenye jiko la ile picha halafu uone nani atapiga kelele.

Kaka, huku kwetu Bujumbura tunasikia Wamarekani walitengeneza filamu ya mamba wetu Gustave. Ni ya kweli ama ni porojo?
*Mvuvi, Bujumbura*

Ipo kaka, inaitwa Primeval, ilitoka 2007, na mamba ni wenu ila filamu si yenu. Wameipigia Afrika Kusini, na hadithi ni ya waandishi wa habari wa Marekani waliokuja kumkamata. Kichekesho ni kwamba wakati wa kuitangaza walimficha mamba! Tangazo likasema ni habari za muuaji aliyeua watu wengi kuliko yeyote, watu wakaenda wakidhani ni polisi na jambazi, taa zinazimwa anatoka mamba. Nasikia fedha za watu zikauma.

Wewe unamjua kuliko mimi. Wa mto Rusizi na ziwa Tanganyika, jina alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi kwenu miaka, mwili una makovu ya risasi. Watu wanasema amekula 300, nani alihesabu? Wanasema mita 6 na zaidi, nani alishika futi? Faye na wenzake waliunda tundu kubwa la chuma, wakaweka chambo cha kila aina mpaka mbuzi, mbuzi akatoweka, mamba hakupatikana, na hiyo ilirekodiwa ikawa dokumentari 2004. Ukinipa nichague naitaka hiyo, maana humo Gustave anafanya kazi ya mamba wa kweli, yaani hakamatiki. Wiki zinaisha, tundu liko tupu, watu wazima wanagombana kwa joto.

Kwenye Primeval mamba anakimbiza watu nchi kavu, anavunja nyumba, ana kinyongo. Mamba nchi kavu ana mbio za mwendo mfupi sana kaka, unajua, kazi yake ni maji na subira, anamsoma mama anayeteka maji saa ileile sehemu ileile kila siku. Hicho ndo cha kutisha na hakuna aliyekipiga picha vizuri. Ila kwa sauti mamba nampa haki yake, katika ukoo huu wote yeye kweli ananguruma, aligeta akinguruma mpaka maji ya mgongoni yanarukaruka. Yeye ni ndugu wa karibu wa ndege kuliko wa mjusi, labda ndo maana.

Dada nisaidie, au kaka sijui. Nataka muvi ya hawa wanyama ya kuangalia na watoto, mkubwa ana miaka 10, mdogo 5. Isiwe ya kutoa macho usiku. Ila mama mkwe hataki kinyonga ndani hata wa kwenye TV, anasema mkosi.
*Mama wa watatu, Muheza*

Kaka, mama, ila hata anko naitika.

Bahati mbaya kwa mama mkwe, muvi nzuri kuliko zote ya watoto kwenye ukoo huu steringi wake ni kinyonga. Rango, 2011, ya Gore Verbinski, ilibeba Oscar ya katuni. Kinyonga wa kufugwa kaangukia jangwani Marekani anajifanya shujaa, anakuwa sherifu wa mji uliokaukiwa maji. Waliofanya kompyuta yake ni walewale ILM, kampuni ya efekti, waliofanya dinosau wa Jurassic Park, na magamba unayahesabu. Mwambie mama mkwe pia kwamba hapo kwenu juu, milima ya Usambara, kuna vinyonga wasiopatikana kwingine popote, na wataalamu 2006 walipounda jenasi yao, yaani kundi lao la kisayansi, wakaiita Kinyongia, neno letu kabisa. Na kwamba kinyonga hajibadilishi rangi kufuata ukuta kama tulivyodanganywa, anafuata joto na hasira zake, kama yeye tu. Hilo la mwisho usimwambie.

Wa miaka 10 ataipenda. Yule wa miaka 5 ana mtihani mmoja, kuna nyoka humo anaitwa Jake ambaye badala ya njuga mkiani ana bunduki ya mitutu mingi inayozunguka, na anaongea kwa sauti ya Bill Nighy, nzito, taratibu. Huyo anatisha hata mimi. Anaingia picha ikishaenda sana, kwahiyo anzeni baada ya chakula cha usiku, mdogo atakuwa ameshasinzia.